Mama Aliyemhamisha Mwanawe Chumba

Haya, akina mama, sogeeni mbele. Na wewe unayenong'ona huko nyuma, malizia kwanza, tutakungoja.

Kulikuwa na mama mmoja, mwanawe darasa la kwanza. Mwalimu wa mtoto akaitwa semina mjini, kufundishwa namna ya kufundisha watoto kusoma. Aliporudi, yule mama akaanza kumshuku. Kila akipita dirishani hasikii kusoma. Anasikia makofi tu. Watoto wako chini, wanapanga vizibo vya soda, "ma!" pa! "ka!" pa!

Akamfuata. "Mwalimu, hivi huko semina mlikwenda kufundishwa mchezo wa kibe?"

"Mama, wanajifunza sauti moja moja. Nivumilie."

"Nikuvumilie! Wenzao chumba cha pili wanasoma ukurasa mzima, mpaka sokoni tunawasikia."

Kweli, chumba cha pili walikuwa wanaimbishwa: "Baba analima! Mama anapika!" Mama akamhamishia mwanawe huko. Haukupita muda, mtoto akishika kitabu anaumwaga ukurasa wote, wageni wanapiga vigelegele. Mama kichwa kikawa kikubwa. Akimkuta jirani yake, ambaye mwanawe alibaki kwenye vizibo, anamchokoza: "Shoga, wako bado yuko ngomani?"

Mara kitoto chake kichanga kikaugua. Zahanati wakampa chupa mbili, ya kunywa na ya kupaka. Kufika nyumbani kasahau ipi ni ipi, na kusoma hajui. Lakini ana wasiwasi gani? Msomaji si yumo ndani?

Akamwita, akampa chupa moja. Mtoto akasimama wima, akavuta pumzi: "Baba analima! Mama anapika!"

"Soma kilichoandikwa hapo, mwanangu."

"Si ndiyo nasoma, mama! Baba analima!"

Mnacheka? Yeye hakucheka. Kichanga kinawaka moto mgongoni. Akakimbia na chupa zake kwa jirani. Yule wa vizibo akaweka kidole, akaanza kujikongoja: "Ku... pa... ka." Akashika ya pili. "Ku... nywa." Basi. Hakuimba hata kidogo.

Sisi je? Nani tunayemshuku, na nani tunayemwamini? Anayekwenda polepole tunasema mvivu. Anayetupigia kelele tunasema huyo ndiye mwalimu. Mtoto wako umewahi kumpa neno geni asome, au unampigia vigelegele tu ukajilalie?

Na hapa kanisani msidhani tumepona. Sala tunaishusha yote kwa pumzi moja, tamu kweli. Mtu akikusimamisha katikati akuulize, "Hapo umemwambia Mungu nini?", inabidi urudi mwanzo uanze upya.

Haya, simameni tusali. Polepole.