Mfumo wa Fisi na Fungu la Majanga

Ngano hiyoo, inakuja!

"Na ije, tumekaa!"

Inakuja na mguu gani?

"Na mguu wa uongo!"

Na ule mwingine?

"Tutauona ikigeuka kuondoka!"

Haya. Sogeeni, ila msinisukume. Leo nimechoka, na ngano yenyewe ni ya wachovu.

Hapo kale, si kale sana, maana kompyuta zilikwishakuwepo, wanyama wa Bonde la Mkwaruzo walikuwa na ghala moja. Mvua zikinyesha, kila mnyama alileta alichovuna. Kiangazi kikiingia, kila mnyama alikuja kuchukua kibaba chake cha siku. Mtunza ghala alikuwa Pimbi, yule mdogo asiye na mkia, akaaye majabalini. Hesabu yake ilikuwa ya kokoto. Umechukua kibaba, kokoto ndani ya chungu chako: ko! Kesho umechukua tena: ko!

Tatizo lilikuwa Ngiri. Asubuhi alikuja na vumbi jekundu, akachukua. Jioni alikuja na tope jeusi, akachukua tena.

"Ngiri, si wewe uliyekuja asubuhi?"

"Mimi? Yule mwekundu ni binamu yangu."

Wanyama wakaitana mkutanoni. Mwenyekiti wao alikuwa Nyumbu, na Nyumbu hawezi kuona wenzake wanakimbia asikimbie.

"Ndugu wanachama," alisema, "wenzetu wa bonde la pili wana mfumo! Kompyuta inamtazama mnyama usoni, inaita jina lake, inaandika kibaba chake. Sisi tunasubiri nini?"

"Hatusubiri kitu!"

"Nani atatutengenezea?"

Fisi akasimama. Alikuwa na mkoba mgongoni na kalamu sikioni. "Mimi hapa. Kazi hii nimeifanya mabonde mengi."

"Na mabonde hayo yako wapi sasa?" Pimbi aliuliza.

"Pimbi!" Nyumbu alikemea. "Mwache fundi."

Pimbi hakubishana. Alikwenda ghalani akakigawa chakula mafungu matatu. Fungu la wanachama, walile kiangazi. Fungu la fundi, ale akifanya kazi. Fungu la tatu akalisukuma kwa kichwa chake mwenyewe, debe kwa debe, mpaka ndani ya ufa mwembamba wa majabali.

"Hilo la nini?" Nyumbu aliuliza.

"La majanga, Mwenyekiti."

"Majanga gani?"

"Sijui. Ningeyajua nisingeyaita majanga."

Basi, kazi ikaanza. Asubuhi Fisi alibonyeza kompyuta: ta-ta-ta. Mchana alitafuna: kwacha-kwacha. Alasiri alikoroma: khoroo, khoroo. Jua likipoa, alikwenda kwa Mwenyekiti akiimba:

*Bado kidogo, kidogo bado,*
*mfumo wenu uko jikoni;*
*bado kidogo, kidogo bado,*
*ongeza chumvi, ongeza kuni!*

Nao wanyama waliongeza kweli. Nyumbu alitaka picha yake itokee kwanza kila kompyuta ikiwashwa. "Inawezekana, Mheshimiwa," alisema Fisi, "ila itaongeza kidogo." Ngiri alitaka mfumo uimbe wimbo. "Inawezekana, ila itaongeza kidogo." Twiga alitaka kioo kipandishwe juu, shingo yake isipate shida. "Inawezekana, ila itaongeza kidogo."

Ta-ta-ta. Kwacha-kwacha. Khoroo.

Pimbi alikwenda kwa Nyumbu. "Mwenyekiti, kila nyongeza ina mdomo. Picha yako inakula. Wimbo wa Ngiri unakula. Shingo ya Twiga inakula. Na mpaka leo mfumo haujaita jina la mnyama hata mmoja."

"Pimbi, wewe shida yako ni kurudisha watu nyuma."

"Sawa, Mwenyekiti."

Alirudi majabalini, akajilaza kifudifudi juu ya jiwe. Kuna uchovu wa kubeba mizigo, na kuna uchovu wa kusema jambo lile lile kwa watu wale wale. Huo wa pili usingizi hauuponyi.

Fungu la fundi likaisha. Fisi akahamia fungu la wanachama. Mwenyekiti alikubali, maana kwenye ile picha pembe yake moja ilikuwa bado haijachorwa.

Kiangazi kikaingia. Siku moja Kanga akaja majabalini, vifaranga wake wakimfuata nyuma, chwi-chwi-chwi.

"Kaka Pimbi, nimepita ghalani. Nimeona sakafu."

"Nimeiona, dada."

"Hawa hawali picha ya Mwenyekiti."

"Najua."

"Sasa?"

Pimbi aliwatazama wale vifaranga. Mabawa yao yalikuwa bado malaika tupu, manyoya ya kurukia hayajaota. "Ghalani vimebaki vibaba vichache; fungu zima lililobaki ni hili la ufa. Hili likiguswa kabla ya mvua, dada yangu, hawa hawataruka."

Kanga aliwakusanya wanawe akaondoka.

Lakini pua ya Fisi si pua ya kulala. Nfu, nfu, nfu, ikamleta majabalini. Akaingiza kichwa ufani, kichwa kikakwama. Akaingiza mguu, mguu ukatoka bila kitu. Akaitisha mkutano.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti yake ilikuwa laini kama mafuta, "kuna chakula kimefichwa kinaitwa cha majanga. Majanga yenyewe yako wapi? Mnaona janga hapa?"

Pimbi alimtazama Fisi, kisha akatazama ghala.

"Anayechimba kaburi uani kwake anamwita nani? Fungu la majanga ndilo linaloyaita majanga! Nipeni nilile, bonde lisafike."

Wanyama wakatetemeka. "Kumbe! Ndiyo maana kiangazi kimekuwa kikali!" Wakakubaliana: siku ya uzinduzi wa mfumo, Fisi apewe fungu lote.

Uzinduzi! Neno hilo liliposikika, njaa ilisahaulika. Fulana zishonwe! Kofia zipatikane! Utepe mwekundu, na Tembo awe mgeni rasmi!

"Mfumo umekwisha?" Pimbi aliuliza.

"Tunauzindua kwanza," Nyumbu alijibu. "Mgeni rasmi amekwisha kuambiwa siku."

Ndivyo walivyo wanyama wa Mkwaruzo. Kitu hukizindua kwanza, ndipo hukaa wakafikiri namna ya kukitengeneza.

Pimbi alikwenda moja kwa moja kwa Fisi. Alimkuta anajichokonoa meno.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, kadogo. Umeleta ufunguo wa ufa?"

"Nimeleta wasiwasi. Ngiri naye analinusa lile fungu. Ukipewa kwa maneno ya mkutano, kesho watakutana tena watasema mengine. Unamjua Nyumbu."

Fisi akaacha kuchokonoa. "Ehe?"

"Lakini mfumo wako mwenyewe ukikuita jina mbele ya Tembo, nani atakupokonya? Tembo atangaze: kuanzia leo cha ghalani na cha fundi hakitoki mpaka mfumo uite jina. Na jina la kwanza kuitwa liwe lako. Heshima iliyoje!"

Fisi alifikiri kwa tumbo. Kuita jina moja tu! Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Akacheka, heee-hee-hee. "Kadogo, kumbe una akili! Nilidhani una hofu tu."

"Nina vyote viwili, Fundi. Vinanichosha."

Siku ikafika. Ngoma, du-du-du! Fulana ilimbana Twiga shingoni. Tembo alikata utepe, akatangaza kama Fisi alivyomwomba, kwa sauti iliyotikisa majani: "Kuanzia leo, cha ghalani na cha fundi hakitoki mpaka mfumo uite jina. Neno langu ndilo kufuli!"

Makofi. Fisi akasimama mbele ya kioo, akajipangusa mdomo, akabonyeza.

Ukaanza wimbo wa Ngiri. Ikaja picha ya Nyumbu, pembe moja. Kisha kioo, kule juu usawa wa Twiga, kikaanza kuzunguka. Zungu, zungu, zungu. Zungu, zungu, zungu.

Jina halikuitwa.

"Bado kidogo," alisema Fisi.

"Sawa," alisema Tembo. "Nitasubiri." Akaegemea mlango wa ghala. Mgeni rasmi hawezi kurudi nyumbani kabla alichokizindua hakijazinduka.

Zungu, zungu, zungu. Jua likatua. Tumbo la Fisi likasema: nguu.

Asubuhi wanachama walipanga mstari majabalini. Pimbi aliingia ufani akatoa kibaba, akatoa kingine. Kokoto ko! Kokoto ko! Fisi akaja mbio.

"We! Tembo amesema hakuna kutoa!"

"Amesema cha ghalani na cha fundi. Hiki si cha ghalani. Na chako hakitakuwa chako mpaka uitwe. Kwa hiyo bado ni cha majanga, Fundi. Uliuliza mkutanoni janga liko wapi." Pimbi alimtazama toka masikio mpaka miguu. "Limekuja lenyewe."

"Nipe kibaba kimoja tu!"

"Muulize Tembo."

Fisi alimtazama Tembo. Tembo alimtazama Fisi. Fisi akarudi kwenye kompyuta.

Sasa, wasikilizaji, ndipo kazi ilipofanyika. Ta-ta-ta, bila kwacha-kwacha. Ta-ta-ta, bila khoroo. Njaa ilipomkata mara ya kwanza, Fisi aliutoa wimbo wa Ngiri. Njaa ilipomkata tena, akakishusha kioo cha Twiga. Njaa ilipomkata mpaka akaona nyota mchana, akaifuta picha ya Mwenyekiti, pembe na yote. Nyumbu alilalamika. Fisi alimwonyesha meno, Nyumbu akaelewa.

Kikabaki kitu kidogo, kikavu, hakina urembo wowote. Kinatazama uso. Kinaita jina. Kinaandika kibaba.

Fisi akabonyeza.

"FISI," mfumo ukaita. Tembo akasogea. Mlango ukafunguka, kriiich. Fisi akapewa kibaba, akakimeza bila kutafuna, akarudi.

"FISI," ulisema mfumo. "UMESHACHUKUA."

"Nipeni fungu langu lote!" Lakini mfumo ulijua kibaba kimoja kwa siku; fungu haukulijua.

"UMESHACHUKUA."

Alikwenda akajigaragaza topeni, akarudi mweusi tii. "Mimi ni binamu yake," alisema.

"FISI. UMESHACHUKUA."

Wanyama walicheka mpaka kofia za uzinduzi zikaanguka. Ni Ngiri peke yake aliyebaki kimya, kwa sababu alikuwa nyuma kwenye mstari, na jioni ile alikuja na tope. Fisi aliokota mkoba wake. Tangu hapo huzunguka usiku akicheka peke yake, nasi huku tunadhani amefurahi.

Mvua zilinyesha. Wanyama wakakutana kupokea taarifa ya mradi. Nyumbu aliushukuru uongozi, akampongeza fundi ingawa hayupo, akaagiza jina la Fisi liandikwe kwenye kibao cha mfumo.

"Na lile fungu la majanga?" aliuliza.

"Yamebaki madebe mawili, Mwenyekiti," alijibu Pimbi.

"Yamebaki? Basi ulitenga chakula kingi mno. Mwakani tutakupunguzia."

"Sawa, Mwenyekiti."

Pimbi alipanda majabalini polepole. Juu ya jiwe lake alimkuta Kanga na wanawe. Mmoja alikuwa ukingoni, anapepesuka. Akatanua mabawa, frrr! Akaanguka jiwe la chini, akasimama, akajikung'uta.

"Umemwona?" aliuliza Kanga.

Pimbi alikuwa amekwisha kulala.

Ngano yangu naitua hapa kama mzigo wa kuni. Anayeweza auchukue akapikie, asiyeweza auketie apumzike.

Na funzo lake? Msiniulize kwa sauti kubwa. Funzo lake ni hili: usiweke fungu la majanga, maana janga lisipokumaliza watasema ulificha chakula. Mwenyekiti akitaka picha, mpe na pembe zote mbili. Zindua mapema, fikiri baadaye. Na ukimtafuta fundi, mtafute fisi, kwa kuwa ndiye pekee ambaye jina lake litaandikwa kwenye kibao.