Jina la Kimeng'enya

Kaeni vizuri, na mwenye haraka aende zake mapema, maana hadithi hii inataka hukumu yenu.

Katika maabara moja ya maziwa, wengine wote walipohama, walibaki watu watatu. Nashipai alikuwa na pua, Ambakisye alikuwa na subira, Mwanakheri alikuwa na maswali. Kila mmoja alikula peke yake, chumbani kwake, mlango umefungwa. Mimi hali hiyo inanihuzunisha, lakini tuendelee.

Nashipai alifiwa na mama, akabakiwa na kibuyu chake cha maziwa. Maziwa ya kawaida yalimsokota tumbo tangu utotoni. Ya kibuyu hicho, hata kidogo. Akanusa ndani, akajua mna hamira. Akakwangua, akaiotesha.

Ambakisye aliipasua hamira hiyo, akatafuta ndani yake kitu kinachoikata sukari ya maziwa. Alichuja, akamwaga, akachuja tena, mpaka kikabaki kimeng'enya kimoja tu. Kisha, kwa wema wake, akakiosha kile kibuyu kwa sabuni. Umasaini kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto, lakini yeye angejuaje? Nashipai alipokinusa, harufu ya mama yake haikuwamo tena. Alilia sana.

Mwanakheri alikipa kimeng'enya sukari ya miwa, kikaigomea. Akakipa ya maziwa, kikaikata vipande viwili. Akakichemsha, kikaharibika, akakiweka kingine kwenye baridi, kikaendelea na kazi polepole. Alipoyajua yote hayo aligeuka amwambie mtu, na mtu hakuwapo.

Wakubwa wa maabara wakaagiza kimeng'enya kipewe jina, tena moja tu. Watatu wakakaa meza moja kwa mara ya kwanza. Nashipai akataka kiitwe Noonkishu, jina la mama yake. Ambakisye akataka Lusajo, jina la mwanawe aliyemzika kabla hajajifunza kutembea.

"Mimi nataka langu," Mwanakheri akasema. "Nyote mnaniita Dokta. Tangu mume wangu afariki, sijasikia mtu akiniita Mwanakheri."



Sasa msinitazame mimi. Angekosekana mmoja wao, kimeng'enya hiki kisingejulikana. Na mkichagua jina la mmoja, wawili watarudi vyumbani mwao na kufunga milango. Je, wewe ungeamua vipi? Ungekiita jina la nani?