Mradi wa Bwana Fisi Ukingoni mwa Mto

Haya, sogeeni karibu. Kulikuwa na mwaka ambao mvua iligoma kabisa, na Mto Msangani ukabaki bwawa moja tu. Wanyama wote walikuwa wakilitegemea hilo. Ndipo Fisi akajitokeza na mradi, maana mwaka wa shida Fisi hakosi mradi.

"Nitachimba kisima hapa ukingoni," alitangaza, "niweke mashine ya kuvuta maji ya chini ya ardhi. Kila mtu atakunywa!"

Mama Kiboko, aliyekuwa bwawani na mwanawe mchanga, akauliza, "Samahani, Bwana Fisi. Ukiyavuta hayo, bwawa letu halitapungua?"

Fisi akacheka mpaka mate yakamtoka. "Mama, wewe si mtaalamu. Maji ya mto ni ya mto, maji ya chini ni ya chini. Hayajuani hata kwa salamu!"

Simba hakuelewa kitu. Lakini aliambiwa atakata utepe na jina lake litachongwa kwenye jiwe, basi akaona mradi ni mzuri ajabu. Akaukata utepe kwa meno, akapigiwa makofi, akaenda zake kulala.

Nguchiro, fundi wa visima, ndiye aliyechimba. Kazi ilipokwisha Fisi akamfukuza, asije akaomba maji. Mashine ikanguruma, tangi la Fisi likajaa. Kunywa kulikuwa bure kabisa, ila mnywaji alitakiwa kuja na paja la nyama, kwa hiari yake. Swala aliuliza yeye nyama ataitoa wapi. Fisi akamtazama mapaja. Swala akasema kumbe hata kiu hana.

Huku bwawa likazidi kushuka. Korongo wakahama. Kambare wakabaki wakitapatapa kwenye tope, na Fisi akawa anakuja na kikapu kuwazika, kwa masikitiko makubwa. Makaburi yalikuwa tumboni mwake. Mtoto wa Kiboko ngozi ikaanza kupasuka kwa jua. Mama yake alimpaka tope mgongoni, nalo likamkaukia hapo hapo.

"Bwana Fisi," Mama Kiboko alimwendea akilia, "zima mashine. Mwanangu anakufa."

"Pole sana, mama. Hali ya hewa imebadilika, si kosa la mtu. Akifa niite, nije nikufariji."

Sungura alikuwa kichakani akisikia yote. Alichukia, lakini akamwambia Mama Kiboko, "Futa machozi, dada yangu. Huyu hajui kutosheka. Atakwama mwenyewe."

Kweli, asubuhi moja mashine ilikohoa, ikatoa upepo mtupu. Fisi alikuwa amevuta mpaka kisima chenyewe kimekauka. Akaona dawa ni kushuka na kurefusha bomba. Sasa, kisimani hushuki bila mtu wa kushika kamba juu, na Nguchiro ndiye huyo kafukuzwa.

Sungura akapita hapo, eti kwa bahati. "Shikamoo, Bwana Mradi! Mbona unahangaika na wasaidizi tupo? Kamba tumfunge Mama Kiboko kiunoni. Uzito anao."

Kama kiboko ana kiuno! Lakini Fisi, kwa uroho wa maji, alimwita Mama Kiboko, akamfunga kamba, akazima mashine na kuteremka upesi. Sungura naye akakimbia kwa Simba. "Mheshimiwa, jiwe lenye jina lako kule kisimani limeingia vumbi." Simba alifika mbio.

Mashine ilipotulia, chemchemi za chini zikapata nafasi ya kupumua. Tope la bwawani likaanza kumeta, kisha likafunikwa. Na kisimani, Fisi akiwa bado anahangaika na bomba lake, maji yakamfika kifuani.

"Vuta! Vuteni jamani, nazama!"

Mama Kiboko hakusogeza mguu. "Hayo ni maji gani, Bwana Fisi? Ya mto au ya chini? Nieleze, mimi si mtaalamu."

"Yote ni yale yale! Chemchemi ni moja! Nikivuta huku, mto unakauka huko!"

"Na ulijua?"

"Nilijua tangu mwanzo! Vuta, mama, nakufa!"

"Rudia kwa sauti," Sungura akasema. "Mheshimiwa hajasikia vizuri."

Mheshimiwa alikuwa amesimama juu ya shimo lenyewe. Fisi akarudia, maji yakimwingia mdomoni, ndipo Mama Kiboko akapiga hatua, akamtoa.

Simba akanguruma kwamba tangu siku ya utepe alikuwa na wasiwasi. Hakuna aliyecheka, kila mtu anaipenda shingo yake. Akaamuru mashine ing'olewe na Fisi alifukie shimo kwa makucha yake. Cha kwanza kutupwa humo kilikuwa lile jiwe. Simba alilitupa mwenyewe, akiangalia pembeni.

Mtoto wa Kiboko akaingia bwawani, akazama mpaka puani. Jioni Fisi, hoi kwa kufukia, alikuja kuomba maji.

"Kunywa," Mama Kiboko akamjibu. "Hapa hatuulizi paja."

Basi nanyi, akija mtu kuwaapia kwamba anachovuta kwake hakipungui kwenu, msibishane naye. Mshikieni kamba ashuke, ila msimvute upesi.