Mto wa Uzi Mwekundu Ndani ya Ekzosi ya Kiboko

Sogeeni.

"Tumesogea."

Hadithi ije?

"Ije na sukari yake."

Sukari haina. Hii ina chumvi.

"Ije na chumvi yake."

Lakini kabla haijaingia, apeni. Kila mmoja amshike mwenzake sikio, aseme: nikilitoa hili nje, ulimi wangu uote malengelenge.

"Uote malengelenge."

Haya. Mimi mwenyewe aliniapisha Kanga, tena kwa kunibana sikio mpaka likawaka moto, na Kanga naye aliapishwa na mtu ambaye sitamtaja, ni shemeji yake. Siri iliyoapiwa hivyo imekwisha komaa, ukiitoa nje kidogo haiharibiki. Kwa hiyo nawaambia.

Palikuwa na Bi Pimbi, mjane, kimo chake kama kibuyu, midomo yake inatafuna hata kinywani kukiwa hakuna kitu. Alikaa kwenye mawe ya kona, pale barabara inapopanda kutoka mtoni. Kazi yake kushona mito na magodoro ya sufi. Bonde zima lililalia kazi ya mkono wake. Mito ya walio hai aliishona kwa uzi mweupe. Mtu akifa, mto wake ulifumuliwa ukashonwa upya kwa uzi mwekundu, ukawekwa pembeni, asije mwingine akaulalia bila kujua. Hata mlevi akiuona uzi ule alipita mbali.

Nyumbani kwa Bi Pimbi ulikuwapo mto mmoja wa uzi mwekundu. Mdogo, wa kichwa cha kadiri ya ndimu. Wa Kidawa, binti yake.

Na palikuwa na Bwana Kiboko, mwenye lori. Lori lilibeba mchanga wa mtoni, na kila lilipopanda alitaka libebe zaidi ya jana. Akaikata ekzosi yake. Lile tumbo la chuma la chini ya gari, linalomeza kelele na kuchuja moshi, akaling'oa akalitupa, akafunga bomba tupu, pana kama kinywa chake mwenyewe. Ati gari livute. Likavuta kweli.

Lori likipanda, ngrrruuu-paa-paa-paa, mawe yanatetemeka. Mawe yakitetemeka, moshi unaingia. Moshi ukiingia, Kidawa anakohoa, koho, koho.

Lori likipanda, mawe yanatetemeka. Mawe yakitetemeka, moshi unaingia. Moshi ukiingia, Kidawa anakohoa, koho, koho.

Mpaka masika yale lori likapanda, mawe yakatetemeka, moshi ukaingia, na Kidawa hakukohoa.

Desturi ya bonde lile, kaburini mama huita jina la mwanawe kwa mara ya mwisho, na waliokuja kuzika hujibu, "Tumemsikia." Jina lisipojibiwa, wanasema, mtoto hajui kama amefika. Bi Pimbi akafungua kinywa aite. Wakati ule ule Kiboko akapanda na mchanga wake, ngrrruuu-paa-paa-paa. Watu waliiona midomo ikitembea, kama inavyotembea siku zote. Moshi ulipotulia walikuwa wanakung'uta nguo, wanaondoka. Jina halikujibiwa. Na Kiboko hakuja hata kutoa pole. Wanasema alimtuma mkewe, mkewe akaishia kwa Kanga kunywa chai. Lakini hayo si yangu.

Akabaki Sikitu, mdogo wake Kidawa. Na Sikitu naye akaanza, koho, koho. Kikohozi kile kile.

Sasa, kila mwaka Bwana Korongo, mkaguzi wa moshi, huja bondeni na kitambaa cheupe. Gari huwashwa, kitambaa hufungwa mdomoni mwa bomba, watu huimba wimbo wa ukaguzi mpaka mwisho, kisha kitambaa hufunguliwa kikaonyeshwa kwa wote. Kikitoka cheupe, gari linapewa stika. Kikitoka cheusi, gari linalala mpaka litengenezwe. Kiboko alikuwa na hila yake: siku ya ukaguzi aliazima ekzosi nzima ya gari la jirani yake Kongoni, asubuhi anaifunga, jioni anairudisha. Bonde zima lilijua. Nani aseme? Kinywa kile mmekiona. Ila mwaka huo Kongoni alikuwa amehama na gari lake.

Basi kesho ukaguzi, leo Kiboko akaja na lori lake mpaka mlangoni kwa Bi Pimbi.

"Hodi."

"Karibu, Bwana Kiboko. Kiti cha kukutosha sina. Kaa chini, chini kunakutosha."

Kiboko akakaa. "Nasikia sufi inameza kelele."

"Sufi inameza hata kilio," Bi Pimbi akasema. "Mimi ndiye najua."

"Basi nishindilie bomba langu. Kesho kitambaa kitoke cheupe."

Bi Pimbi akatafuna hewa. Ndani Sikitu alikuwa anakohoa. "Nikikufanyia, utaacha kupita hapa konani? Njia ya chini ipo. Huyu ndiye niliyebaki naye."

"Nitazunguka. Naapa."

Akakubali. Msimcheke. Mama anayelala akihesabu pumzi za mtoto hukubali mengi. Akaburuta gunia la sufi, akaingia bombani mzima mzima, akashindilia, shindi, shindi, akatoka mweusi.

"Yatosha?"

"Bado. Weka."

Akaburuta gunia jingine, shindi, shindi, akatoka mweusi zaidi.

"Yatosha?"

"Usinibanie, mama. Weka."

"Sufi imekwisha, Bwana Kiboko. Nimekuwekea mpaka ya godoro langu."

Kiboko akachungulia ndani kwa jicho moja. "Na ule mto pale?"

"Ule una uzi mwekundu."

"Uzi ni uzi. Weka."

"Ni wa Kidawa."

"Kidawa yupi?" Kiboko akauliza. Wala hakuwa anatania.

Hapo Bi Pimbi akajiuliza. Mtu asiyejua nani alikufa pale konani, atazunguka njia ya chini kwa ajili ya nani? Akaingia ndani, akauchukua mto, akaunusa. Ulikuwa bado na harufu ya mafuta ya nazi aliyokuwa akimpaka kifuani. Akatoka nao, akausukuma mdomoni mwa bomba, taratibu, kama anavyolazwa mtoto. Akaacha tundu la kuingia kidole, gari lipate kupumua.

"Nisikilize," akasema. "Kesho usikanyage mafuta. Liache liheme polepole. Ukikanyaga, mimi simo."

"Nikanyage kwa nini? Mimi mtoto?"

Kesho yake uwanja wa ukaguzi ukajaa. Bi Pimbi alikuwa mbele, Sikitu mgongoni. Kiboko akawasha lori. Prrr, prrr, prrr, kama paka aliyeshiba. Bwana Korongo akafunga kitambaa, watu wakaimba:

*Pumua, gari, pumua,*
*ulichokula tutajua.*

Wimbo ukaisha. Kitambaa kikafunguliwa. Cheupe pe. Korongo akakiinua, hata yeye akaona ni ajabu, lakini anachojua yeye ni kitambaa. Akatoa stika, akailamba nyuma ili ishike.

"Pole, Bwana Kiboko," Bi Pimbi akasema.

"Pole ya nini?"

"Ya lori. Kumbe limekwisha zeeka hivi. Linahema kama mgonjwa."

"Ndilo hili lililokuwa likituangushia vikombe?" Kanga akadakia. "Mume wangu anakoroma kulishinda."

Watu wakacheka. Masikio ya Kiboko yakaanza kuzunguka.

"Hili hata beseni la mchanga halipandishi," mtu mmoja akasema nyuma.

"Mwacheni," Bi Pimbi akasema kwa upole. "Amekatazwa kukanyaga."

"Nani wa kunikataza mimi?" Kiboko akauliza, na mguu ukashuka.

Ngrrr. Ngrrruuu. Ngrrruuu-PAAA.

Bwana Korongo alikuwa amesimama nyuma ya bomba, mweupe, akabaki kunguru. Lori likakohoa mara moja, likazimika. Na sufi nyeusi ikaanza kushuka juu ya vichwa vya watu, polepole, bila sauti. Katikati ya uwanja ukaanguka mto, puh. Mdogo. Masizi kila mahali, ila palipochanika uzi ulionekana mwekundu. Watu wote wakarudi nyuma.

"Hiki nini?" Korongo akauliza.

"Si changu," Kiboko akasema.

"Kimetoka bombani mwako. Na mguu wako uko wapi?"

Kiboko akautazama mguu wake. Ulikuwa bado umekanyaga mafuta, mbele ya bonde zima. Akautazama kana kwamba kuna mtu aliyemwekea pale.

Na katika kimya cha lori lililozimika, kimya ambacho bonde lile halikuwa limekisikia tangu lori linunuliwe, wote wakasikia mgongoni kwa Bi Pimbi: koho, koho.

Bi Pimbi akaenda katikati, akauokota mto, akaupangusa kwa upindo wa nguo yake. Haukutakata. Akaukumbatia hivyo hivyo.

"Kidawa," akaita. Sauti ile ile ndogo ya kaburini.

Watu wakatazama chini. Kanga akatazama chini. Kisha wakajibu wote, na Korongo na masizi yake.

"Tumemsikia."

Kinywa cha Kiboko kilikuwa wazi, kipana kama bomba. Yeye peke yake hakujibu.

Fundisho lake, wajukuu zangu, ni dogo: aliyekushindilia sufi akikwambia usikanyage, usikanyage. Kiboko angesikia, leo angekuwa na stika yake, na bonde lingekuwa na amani. La pili, siri itunzwe. Mmeapa. Mkikutana na Kanga, hamkunisikia.

Hadithi imepita kona.

"Imebakiza moshi."

Moshi uko wapi?

"Uko machoni."

Futeni macho, na anayekohoa apewe maji.