Harusi ya Watu wa Ngano

Leo nina hasira, wapendwa, na sitaificha. Nisikilizeni.

Huko Meksiko, watu wa kusini ni watu wa mahindi. Huyachemsha kwa chokaa, huyasaga, huyakanda, halafu huyafunga kwenye majani ya mgomba yaive kwa mvuke. Kaskazini wanajivunia ngano, na wapo matajiri wanaoona mahindi ni chakula cha watwana.

Basi kulikuwa na mama mmoja wa kusini, mjane, aliyemsomesha mwanawe kwa kuuza chakula hicho cha majani. Kijana akapata kazi kaskazini, akachumbia binti wa nyumba kubwa, nyumba ya ngano. Siku ya harusi mama akafika na kikapu chake, nguo zinanuka moshi wa kuni. Mama mkwe akauliza, "Huyu ni nani?"

Kijana akajibu, "Ni mpishi, mama. Nimemwagiza kutoka kwetu."

Mnasikia? Mpishi! Mama akamtazama mwanawe, kisha akainamisha kichwa. "Ndiyo, mama. Jikoni ni wapi?"

Sasa, kule wana desturi. Kabla ya kwenda kanisani, maharusi hupiga magoti mbele ya wazazi wabarikiwe. Wazazi wa binti wakabariki. Ikafika zamu ya upande wa pili.

"Mama yako yuko wapi, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

Uongo ukishaanza hutaka mwenzake. Kijana akasema, "Mama yangu alishafariki."

"Maskini! Basi tumwombee. Waiteni na wa jikoni, tuombe wote."

Mama akatoka jikoni, unga mikononi, akapiga magoti nyuma kabisa. Ilipofika zamu yake akaomba kwa sauti: "Bwana, mpokee mama wa kijana huyu. Na mwanawe umsamehe." Akasema amina, akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Harusi ikaendelea, mkate wa ngano ukaliwa, na kijana akawa yatima kwa kinywa chake mwenyewe.

Mnaguna? Mnamlaani? Ngojeni kwanza! Nani hapa hafichi sufuria ya ugali wa dona mgeni akipiga hodi? Nani hajamwambia mama yake aliyetoka kijijini, "Mama, kaa chumbani kidogo, nina wageni"? Na siku ya mavuno, hapa hapa kanisani, wakubwa walikula pilau na kuku kwenye meza yenye vitambaa, na kina mama waliopika wakala ukoko wamesimama. Aibu! Tumewacheka watu kwa chakula chao, tukawacheka kwa lafudhi yao, mpaka tumefika kuwakana waliotuzaa. Sisi ndio tunaowazika mama zetu wakiwa hai, kisha tunakuja hapa kuinua mikono na kumwita Mungu Baba. Baba gani atamwitikia mtoto wa namna hiyo?

Mwenye mama aliye hai asingoje baraka ya mwisho. Ainuke sasa hivi, aende akale naye. Ibada nitaimaliza na watakaobaki.