Kwa Nini Askari wa Sataranji Huruka Nyumba Mbili

Aliyemletea Mwanamkuu habari ile kwanza alikuwa wifi yake, Bishuu. "Mumeo na kaka Shekue wamekubaliana konde la marehemu baba waligawane kwa sataranji. Atakayeshinda achague upande. Mpaka hapo, hakuna kutia jembe."

Enzi hizo askari wa sataranji walitembea nyumba moja moja za ubao, tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Kuufungua mchezo tu kulikuwa safari. Famau, mume wa Mwanamkuu, alisogeza askari mmoja, akajikuna kidevu. Shekue naye alisema atajibu baada ya kahawa, na kahawa yenyewe ilikuwa haijachemka. Siku zikapita. Mvua ya kwanza ikanyesha, majirani wote wakapanda. Mbegu ya mpunga ya Mwanamkuu ikaanza kuchipua kapuni, na akiba ya chakula ilikuwa imefika kwenye kitako cha mtungi.

Mwanamkuu alikuwa mwenye haya. Kwa sababu ya shemeji yake, hata kukohoa alikwenda kukoholea uani. Lakini siku hiyo, mtoto akimlilia mgongoni, alitoka hadi barazani walipokuwa wakicheza, akasimama.

"Shemeji, mchezo huu unataka subira," alisema Shekue bila kuinua macho.

"Subira hiyo mtaitia chumvi tule?"

Akamnyakua askari mmoja wa mumewe, aliyekuwa bado hajatoka kwake, akamtua nyumba mbili mbele.

Shekue akaruka. "Amempita askari wangu mlangoni bila hata hodi! Namkamata!"

"Mkamate," alisema Famau, "lakini sasa hivi. Ukingoja kesho, haki yako imelala. Na wangu wote wanaotoka kwao wataruka vivyo hivyo."

"Hata wangu!"

Wakarushiana askari, na kabla ya alasiri mfalme wa Famau hakuwa na pa kukimbilia. Shekue akachagua upande wa bondeni.

Tangu mchana ule, askari wa sataranji anapotoka kwake ana ruhusa ya kuruka nyumba mbili. Akishatoka, hutembea moja moja kama wazee wake. Na akimpita askari wa jirani mlangoni bila hodi, hukamatwa papo hapo, au husamehewa moja kwa moja.

Kesho yake asubuhi, Mwanamkuu aliwakuta ndugu wale wakipanga tena, eti warudiane. Aliwamwaga askari mkekani, akajitwika ubao, akaweka majembe mawili juu yake, akashika njia ya kondeni. Wakamfuata.