Kwa Nini Moshi Hutambaa Kabla ya Mvua

Wee Namkunda, weka chini hicho kiberiti! Najua wakwe zako wanakuja kesho kukuchukua, na mtungi wako bado mbichi. Kaeni nyote niwaeleze, kisha anayetaka kuchoma vyungu achome.

Hapo zamani Hewa hakuwa akitembea. Yeye na nduguye wa bondeni walikuwa wameikalia nchi nzima kwa uzito mmoja, kama wageni wasiojua kuaga. Upepo haukuwapo. Mvua nayo ilianguka bila hodi, na aliyeumia zaidi ni mfinyanzi, maana chungu kilichomo motoni kikinyeshewa hupasuka.

Katika milima hii aliishi mfinyanzi aitwaye Nakijwa. Bintiye alikuwa anaolewa, na mila ilikuwa hii hii yetu: bibi harusi hatoki kwao bila mtungi uliofinyangwa na mama yake. Nakijwa alichoma wa kwanza, mvua ikaupasua. Akachoma wa pili, yakawa yale yale. Udongo ukabaki wa mtungi mmoja tu, na msimu wa kuchimba mwingine ulikuwa mbali. Alilia, jamani!

"Ewe Hewa," akasema, "uko kila mahali, hata kunionya huwezi?"

Hewa akamjibu, "Mimi mwenyewe nimechoka kukaa. Nipashe joto niinuke nikaone kilele cha mlima, nami nitakupa ishara."

Nakijwa akawasha moto mkubwa wa nyasi kavu. Hewa alipopata joto akatanuka, akawa mwepesi, akaanza kupanda. Nduguye wa bondeni, aliyekuwa bado baridi na mzito, alipoona kiti kinabaki wazi akaja mbio kukikalia. Huo ndio upepo wa kwanza. Na huko juu Hewa alikuta baridi, unyevu aliobeba ukawa mawingu, mawingu yakawa mvua.

Lakini ahadi aliitimiza. Alipokuwa akipanda alimwambia Nakijwa, "Nikiwa mzito, nitaunyanyua moshi wako hadi juu, kama maji yanavyokiinua kibuyu kitupu. Uzito ukinipungua, nguvu hizo sina. Ukiona moshi unatambaa miguuni pako, mvua iko njiani, ngoja."

Wakwe wakaja kumchukua binti, mtungi bado mbichi. Jua lilikuwa kali. Nakijwa akawasha vijiti viwili kujaribu, moshi ukalala chini. Akaurudisha mtungi ndani. Wakwe wakafoka, "Huyu mama hataki kumtoa binti yake!" Hata binti akamlilia achome. Roho ilimuuma Nakijwa, lakini hakuwasha. Wakwe wakaondoka wamenuna, na hawakufika hata mtoni mvua ikawanyeshea. Siku ya tatu moshi ukasimama wima. Mtungi ukachomwa, ukatoka mzima, na wakwe wakarudi bila maneno mengi.

Na tangu siku hiyo upepo hukimbilia penye joto, na mvua ikikaribia moshi hutambaa. Nasi wafinyanzi hatuchomi kabla ya kuuangalia.

Haya, Namkunda, tazama moshi wa jikoni. Uko wapi? Usilie, mjukuu wangu. Wakwe watangoja. Babu yako naye aliningoja siku nne, kanuna kweli kweli, na mtungi niliokuja nao ndio ule ulionywea maji leo asubuhi.